Asidi ya Wiki ya Tatu

Binti aliamini kwamba ufadhili ni wa wale walioupata kabla ya kuvuka lango la chuo. Ukishaingia kwa jasho la kaka yako, basi utatoka kwa jasho hilohilo. Na kaka yake, kinyozi, alikwisha kumwambia kwa sauti ya kuomba radhi kwamba mwaka huu wa pili ndio mwisho wa uwezo wake. Wifi yake alikuwa anatarajia mapacha.

Ndiyo maana alipigwa na butwaa karani wa idara ya kemia alipomuuliza, huku akigonga mihuri, "Mbona huombi ufadhili wa idara? Upo kila mwaka kwa wanaofanya vizuri wakiwa hapahapa chuoni. Nafasi mbili. Mwaka jana hakuomba hata mmoja."

"Sasa mbona hamtangazi?"

"Tangazo liko nyuma ya mlango. Tatizo, mlango wenyewe haufungwi."

Aliuvuta mlango, akasoma. Sharti lilikuwa alama za juu katika kila jaribio la maabara. Alikuwa nazo zote, kasoro moja. Wiki ya tatu walipima ukali wa asidi, na darasa zima lilipata jibu lilelile la kitabuni. Lake lilikuwa chini. Alirudia mara tatu, kisha akaandika: "Sijui kosa liko wapi, lakini hiki ndicho nilichokiona." Mwalimu akajibu kwa wino mwekundu: "Kosa ni uzembe."

Akateremka maabara kwa fundi mchanganya dawa, ambaye chuo kizima kilimwita Babu Chupa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja. Ile asidi ya wiki ya tatu, ilibaki?"

"Ilibaki. Asidi haichachi kama maziwa, mjukuu wangu. Unaitakia nini?"

"Nataka kuipima tena."

Mzee akaweka kitambaa chini. "Yaani mimi nilikosea?"

"Au mimi, babu. Mmoja wetu."

Babu Chupa akaitoa chupa kabatini, akapima mwenyewe, tone baada ya tone. Rangi ya waridi ikatokea mapema kuliko ilivyopasa. Akasuuza vyombo, akarudia. Mara ya tatu akavua miwani.

"Siku ile bibi yako alikuwa amelazwa," akasema polepole. "Mwili ulikuwa hapa, roho hospitali. Lazima nilizidisha maji."

"Basi babu, tuyaache."

Hakusema hivyo kwa kujipendekeza. Mzee alibakiza mwaka mmoja astaafu, na binti aliona heri aukose ufadhili yeye kuliko kumtia doa mtu kama huyu.

"Tuyaache yaoze? Nyanyuka, twende juu."

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Kumbe wanafunzi thelathini na tisa walipata jibu sahihi kwa asidi isiyo sahihi."

Babu Chupa peke yake ndiye aliyethubutu kucheka. Mwalimu akachukua ripoti ya binti, akayafuta maneno yake mwenyewe na kuandika alama mpya. Wengine wote, akaamua, watarudia jaribio Jumatatu, na binti atakuja kuwaonyesha alivyofanya.

Jumatatu maabara ilijaa manung'uniko.

"Mama Asidi huyo kafika!"

"Tunashukuru kwa kutuongezea kazi, bosi."

Binti hakuwa amemtaja mtu, lakini nani angeamini? Akasogea kwa msichana wa meza ya dirishani, yule aliyeongoza mitihani yote, akamshikia bilauri.

"Nasikia ulikuwa unatafuta ufadhili," msichana akanong'ona, jicho kwenye matone. "Si ulishaingia chuo wewe?"

"Hata aliyekwisha kuingia anaomba."

"Acha utani!" Tone likamponyoka. "Mimi mwezi ujao nilikuwa naacha. Nyumbani wamechoka."

Fomu ya binti ilikuwa peke yake mezani kwa karani, na kutokuwa na mshindani ni usingizi mzuri. Huyu alikuwa anamshinda kila mtihani. Lakini alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokaa mwaka mzima akiamini amechelewa, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

"Mwisho ni Ijumaa," akasema. "Nafasi mbili. Maliza hilo jaribio, ulifanye kwa haki, nikupeleke kwa karani."

Msichana akasuuza bilauri, akaanza upya.