Uzito wa Chungu cha Mzee Tseko

Mkurugenzi Krastan Vezenkov alikuwa akila banitsa, andazi la jibini, juu ya sarafu za fedha za wafalme. Makombo ya jibini yalidondoka mezani, mafuta yakamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, na kwa vidole hivyo hivyo akaokota sarafu moja, akaigeuza, akaifutia kwenye suruali. Ognyana Dilova, mkaguzi wa sarafu, alivitazama vidole hivyo. Kwa miaka thelathini na moja ndani ya makumbusho haya alikuwa amezishika sarafu kwenye kingo tu, kwa ncha za vidole.

"Umeandika nini?" aliuliza Mkurugenzi huku akitafuna.

"Nilichokiona. Sarafu mia mbili sitini na moja, fedha tupu, za mfalme Ivan Aleksandar. Yeye na mwanawe wamesimama, bendera katikati. Zote zinasomeka, bosi. Hata kipofu angezisoma kwa kidole."

"Chana hiyo karatasi. Andika zimelika, hazitambuliki."

Sarafu hizo zilitoka kwenye chungu cha mzee Tseko Marinchev, mkulima wa pilipili, aliyekigonga kwa jembe shambani kwake akakileta mwenyewe, hakuficha hata moja. Angetaka angewauzia walanguzi wanaozunguka vijijini na magari ya vioo vyeusi. Lakini sheria humpa mwokotaji zawadi kulingana na thamani ya alichookota, na theluji ya Februari ilikuwa imeliangusha paa lake. Yeye na mkewe walikuwa wakilala zizini na mbuzi. Aliyeleta sarafu zisizotambulika hupewa cheti, basi.

"Siandiki," alisema Ognyana.

Mkurugenzi hakukasirika. Alilamba kidole gumba. "Mama Ognyana, sheria inasema siku saba. Huyu mzee wako kaleta siku ya tisa."

"Basi la kwao hupita mara moja kwa wiki. Na wiki ile lilikuwa bovu."

"Hayo atamweleza mwendesha mashtaka. Kuficha mali ya kale, miaka mitatu. Ana sabini na nne, sivyo? Mimi sipendi kuona wazee wakiteseka. Ndiyo maana nakuomba kistaarabu."

Asiye haya ana mji wake, na mji wa Vezenkov ulikuwa jengo hili zima, kuanzia ghala hadi choo. Ognyana alichukua kalamu. Aliandika *zimelika*, akaandika *hazitambuliki*, kwa mwandiko ule ule mzuri aliosifiwa nao miaka yote.

Ulibaki uzito. Siku ya mapokezi sarafu zilioshwa zikapimwa, na kitabu kikaandikwa gramu mia nne na kumi na mbili. Idadi na maelezo vilisubiri kalamu ya Ognyana. Mkurugenzi alizikomba sarafu za mfalme akazitia kwenye boksi la viatu, kisha akatoa mfuko wa takataka zake: visenti vya Kituruki vilivyooza, risasi iliyopondwa, vichwa vya misumari. Akavimimina kwenye mizani. Mia nne na kumi. Akapekua mifuko yake, hakupata kitu.

"Nipe kifungo."

"Kifungo gani?"

"Cha koti lako. Si cha shaba hicho?"

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa kuelekea kifuani kwake. Ognyana aliwahi mkasi akakikata mwenyewe, asije akaguswa na vile vidole. Hilo lilimchukiza kuliko yote, kwamba alikimbilia mkasi. Mizani ikatimia. Mkurugenzi akaufunga mfuko, akaupiga lakiri, akamwita mzee.

Tseko alikuwa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi. Aliingia na kofia mkono mmoja, mkono wa pili chupa ya pilipili hoho za siki.

"Enhe, binti yangu, zinasemaje?"

"Zimelika, mzee. Hatujui ni za nani."

"Zimelika?" Aliangalia mfuko wenye lakiri, akamwangalia yeye. "Bibi yangu alishonewa moja kama hizo kwenye kitambaa cha kichwa, siku ya harusi yake. Sisi twaziita baba na mwana. Nimewaona wote wawili kwa macho haya mabovu. Wewe na miwani yako hukuwaona?"

"Sikuwaona."

Mkurugenzi akamkabidhi cheti. Mzee alikikunja mara nne, akakitia ndani ya kofia. Kisha akaiweka chupa mezani.

"Zako hizo. Nilikwisha kuahidi." Ndipo macho yake yakatua kwenye koti. "Kifungo chako kimekatika. Kiko wapi? Mke wangu akushonee. Sindano zake tulizifukua kwenye kifusi."

"Kimepotea, mzee."

"Cha shaba hakipotei hivi hivi." Akapiga magoti, polepole, akishikilia mguu wa meza, akaanza kupapasa sakafu.

Hakuna aliyemzuia. Juu yake Mkurugenzi alifungua chupa, akaingiza vidole viwili, akachagua pilipili nene.