Mbio za Kasha Jembamba

Kompyuta ya mjukuu wangu ilitoka ofisi moja iliyokuwa ikiuza mashine zake za zamani. Kasha lake ni jembamba kama mkate uliokaliwa. Akalilaza juu ya meza sebuleni, ubavuni mwa televisheni. Mjukuu huyo namwita mke mwenza, maana marehemu babu yake alituoa sote wawili, mimi kwa ndoa na yeye kwa utani.

Kazi yake ni kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, na kazi hiyo haipendi. Anachopenda ni mbio za magari za kwenye kompyuta. Timu moja ikamwita ajaribiwe Jumamosi saa nne asubuhi, mbio tatu, akiwa nyumbani. Walioitwa ni ishirini, wanaotakiwa ni wanne, na hao wanne watalipwa. Tatizo, kila akifika kwenye kona picha inakwama, ikija kukwamuka gari liko mtaroni.

Jumatano akamleta fundi, mwanamke mwenye bisibisi sikioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mgonjwa huyo hapo."

"Tuweke kadi kubwa ya picha," mjukuu akasema.

"Utaipitisha wapi? Kasha hili halina nafasi, na umeme wake ni wa kijungu jiko."

Akalifungua. Vumbi lililotoka lingeotesha maharage. Akapaka dawa mpya ya kupozea chini ya feni, kisha akachomeka kipande cha pili cha kumbukumbu. "Kimoja kilikuwa kinabeba jeneza peke yake," akasema. Mwisho akapunguza vivuli na majani ndani ya gemu.

"Miti imekuwa mibaya," mjukuu akalalamika.

"Kwani unashindana na miti?"

Gari likateleza kama sabuni, bila kukwama. Fundi akaaga, nami nikapanga sebule. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, vyote nimefuma mwenyewe. Nikalivisha kasha nalo kitambaa, cheupe chenye maua.

Alhamisi, dakika kumi tu, gari likarudi mtaroni. Fundi akaitwa. Nikaondoa kitambaa ili afanye kazi yake, na mashine ikaenda vizuri mbele yake.

"Ukiondoka inaugua," nikamwambia. "Labda imekupenda."

Alipotoka nikaivisha. Ijumaa mambo yakawa yale yale, na fundi akaondoka akijikuna kichwa.

Jumamosi mbio ya kwanza ikaanza. Mzunguko wa pili, picha ikakwama. Mke mwenza akamaliza wa kumi na tano. Nikasogea kunyoosha kitambaa, si kwa lolote, kilikuwa kimekaa upande. Kilikuwa cha moto kama pasi. Shule sikufika mbali, lakini kuku akifunikwa gunia najua atahema. Nikakivuta taratibu, nikakikalia.

Ningeweza kunyamaza.

"Mke mwenza, ni kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Nilichokikalia."

Akatazama kasha, akanitazama mimi. "Bibi! Siku tatu?"

"Na zote tatu kilipendeza."

"Huu sasa ni uke wenza wa kweli!"

Hakuwa na muda wa kugomba, mbio ya pili ilikuwa imeanza. Akamaliza wa pili. Ya tatu akashinda, na mashine haikukohoa hata mara moja.

Majibu yakaja saa saba. Wa tano. Akayasoma mara mbili, kisha akanisomea na mimi, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Timu itajaribu wengine baada ya miezi mitatu, na anaruhusiwa kurudi.

Jumatatu alikwenda kukunja mashuka. Jioni nikamwomba radhi. Radhi ya kweli, bila utani, na mimi sijaizoea.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila miezi mitatu usiisogelee meza hii."

"Hata kufuta vumbi?"

"Hata kupiga chafya."

Nikahamishia kiti changu upande wa pili wa sebule. Akawasha mashine, akaanza kona ya kwanza.