Mpaka Utasogea

Wegesa alikuwa amefanywa mjinga, na aliyemfanya mjinga alikuwa ameketi mbele yake ndani ya Land Rover, akitafuna njugu.

Huyo alikuwa Jared, kijana wa Homa Bay aliyesomea ng'ambo akarudi na miwani na maneno mengi. Mwaka huo wa 1963 uhuru ulikuwa mlangoni, na chama kilikuwa kimemtuma kutoka Nairobi aje apange lugha ya kampeni huku kusini mwa Nyanza. Kila kiti cha Bunge cha huku kingehesabiwa upande wa mkubwa wao aliyetaka kuishika Kenya nzima, kwa hiyo walitaka kura ya Mjaluo na kura ya Mkuria pia. Jared alidhani atawapata wote kwa maneno mawili: mpaka utasogea. Mgombea wa chama ayatamke kwa Kiswahili, anyamaze, yanayobaki amwachie mkalimani.

Mkalimani ndiye Wegesa. Alizaliwa Kehancha, Mkuria, akaolewa na Mjaluo karibu na Migori. Siku za mnada wa ng'ombe yeye ndiye aliyesimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akipeleka neno la huyu kwa yule bila kulipunguza wala kulitia chumvi. Pande zote mbili zilimwamini. Jared alilisikia hilo, akamfuata, akamvisha kilemba cha ukoka mpaka akakubali.

Jana yake walikuwa Kehancha. Mgombea alisema mpaka utasogea, na Jared akamnong'oneza Wegesa: waambie unashuka kwa Wajaluo. Wegesa alidhani ndivyo chama kilivyoamua. Lilimuuma, maana shamba la kwanza kumezwa lingekuwa la mumewe, Javan, lakini kazi yake haikuwa kulitia neno sukari. Akalisema kwa Kikuria safi. Watu wakarusha kofia juu. Kaka yake Mirumbe alimjia akitokwa na jasho la furaha, akasema sasa ataleta vijana waung'oe ule ua wa mkonge, maana amelisikia jambo hilo kwa dada yake mwenyewe. Ua wenyewe ulikuwa wa Javan, umepandwa juu ya mpaka.

Na sasa, njiani kwenda Migori, Jared aligeuka na kumpa maneno ya leo.

"Leo sema unapanda. Unaenda kwa Wakuria."

"Jana ulisema unashuka."

"Jana ilikuwa Kehancha, mama."

"Kwa hivyo huo mpaka unaenda wapi?"

Jared alicheka. "Haiendi mahali. Hiyo mpaka iko kwa kichwa ya watu. Sisi tunataka kura, basi kila mtu asikie ile kitu anapenda."

"Na wakianza kukatana?"

"Wakati huo kura itakuwa imeshapigwa."

Alilisema hivyo hivyo, huku akipangusa maganda ya njugu kwenye suruali yake. Wegesa damu ilimchemka hadi masikioni. Akilini alimwona Mirumbe na panga lake, akamwona Javan na lake, na binti yake Roseline akiwa na mjomba upande huu na baba upande ule. Alitamani kufungua mlango ashuke. Lakini akishuka, hawa watatafuta mdomo mwingine kabla ya saa ya mkutano. Akabaki kitini, na Jared akadhani amekubali.

Uwanja wa Migori ulikuwa umejaa pomoni. Mgombea alipanda jukwaani, akakohoa kidogo, akasema, "Mpaka utasogea." Kisha akanyamaza kama alivyofundishwa.

"Ka koso kucha?" mtu mmoja akauliza kutoka mbele. Huku au kule?

Wegesa akakamata kipaza sauti. Alisema kwa Kijaluo, akarudia kwa Kikuria kwa ajili ya wachuuzi wa ng'ombe waliosimama nyuma, kisha kwa Kiswahili ili asiwepo wa kujitia hamnazo. "Jana kule Kehancha niliambiwa niseme unashuka huku. Leo nimeambiwa niseme unapanda kule. Mpaka wenyewe ni mmoja."

Kelele zikazuka. Mgombea hakushtuka hata kidogo. Alikichukua kipaza sauti kwa upole, kama mtu anayempokea bibi harusi mzigo.

"Ndugu zangu, mama huyu amechoka na safari. Mimi nimesema nini? Nimesema mpaka utasogea. Nani hapa amenisikia nikitaja upande?"

Hakuna aliyemsikia. Hata Kehancha hakuna aliyemsikia. Hapo ndipo Wegesa alipoielewa kazi aliyopewa. Alikuwa ameletwa abebe lawama, na mzigo ulikuwa umeshafungwa tangu Nairobi.

"Ndumakuwili," mtu akamwita. Mwingine akasema, nyar Kuria huyo, binti wa Wakuria, mlitaka awapende nyinyi? Na hao ni watu wale wale waliomwamini na mauzo ya ng'ombe wao mnadani wiki iliyopita.

"Basi taja upande sasa," Wegesa alimwambia mgombea. "Kwa Kiswahili. Wote wanakusikia."

Mgombea alimtupia Jared jicho. Jared akachezesha midomo, akimpa neno bila sauti.

"Upande wa haki," mgombea akasema.

Wajaluo walishangilia. Wachuuzi wa Kikuria kule nyuma walishangilia pia, kwa nguvu zile zile, na Wegesa aliteremshwa jukwaani akivutwa mkono na kuzomewa na pande zote mbili.

Asubuhi iliyofuata Mirumbe alifika kwenye ule ua wa mkonge na vijana wake, wachuuzi wakiwa wameshamfikishia neno la Migori. Javan alikuwa ameshafika, na majirani nyuma yake. Javan hakujua Kikuria, Mirumbe hakujua Kijaluo, na Kiswahili chao kiliishia kwenye kununua ng'ombe. Tangu Wegesa aolewe, shemeji hawa walizungumza kwa mdomo wake.

"Mwambie mumeo aung'oe ua wake," Mirumbe alisema. "Mpaka unasogea upande wa haki."

"Anasemaje?" Javan alimuuliza mkewe. "Min Roseline, mwambie shemeji arudi kwao. Tumeahidiwa. Mpaka unasogea upande wa haki."

"Na yeye anasemaje?" Mirumbe aliuliza.

Wegesa aliwatazama wote wawili. Hasira aliyokuwa nayo kwa Jared iliwageukia hawa, waliopigiwa ngoma na watu wasiowajua wakatoka na mapanga na majembe.

"Anasema hilo hilo ulilosema wewe," alimwambia mumewe. Akageuka, akamwambia kaka yake vivyo hivyo kwa Kikuria.

Hakuna aliyemsadiki. Vijana wakainua majembe. Wegesa akapenya katikati ya mikonge, miiba ikamchana mikono, akaketi chini juu ya mpaka. Kisha akawaambia, kwa Kijaluo na kwa Kikuria, waanze kuchimba hapo alipokaa.