Maneno ya Ufukweni ya Mwalimu Teodori

Baba yangu alifundisha Kiingereza kijijini kwetu Chala mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu alichokipenda kama maneno ya ufukweni. Usiniulize mtu wa mahindi na ulezi, anayelala na sweta kwa baridi ya Ufipa, alitaka nini na maneno ya watu wa majini. Mimi Coleta, binti yake, nilikaa dawati la mbele, na nilirushiwa chaki kuliko mwanafunzi mwingine yeyote.

Hakuridhika kukufundisha neno mpaka alichimbe na mizizi yake. "Beach", alituambia, zamani halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la vijiwe, zile kokoto laini zinazobingirishwa na maji. Watu wa pwani ya Uingereza waliagana kwenda kwenye vijiwe, leo vijiwe, kesho vijiwe, hadi jina likahama kwa mawe likakaa mahali penyewe, hata penye mchanga mtupu. "Tide", maji yanayojaa na kupwa, mwanzoni lilikuwa wakati tu: wakati wa sala, wakati wa kula. Bahari ikalichukua kwa sababu maji yake hayachelewi. "Harbour", ambayo leo ni bandari, ilianza kama kambi ya askari, ikawa nyumba ya kulaza wageni, ndipo meli nazo zikapewa nafasi ya kulala. Na "strand" ni ufukwe. Chombo kilichokwama ufukweni kikaitwa "stranded", na siku hizi hata abiria aliyeachwa na basi njiani pale Laela anaitwa hivyo hivyo. Hapo darasa lote lilicheka, maana kila mmoja alikuwa na shangazi aliyewahi kuachwa Laela.

Nilipofungua duka langu la ushonaji hapa Sumbawanga alikuja kunipongeza. Badala ya kusifia vitambaa, akaokota mkasi wangu mbele ya wateja. "Unajua 'shore', yaani pwani, mama? Wapo wanaosema lina undugu na neno la kukata. Pale ndipo nchi ilipokatwa. Wengine wanabisha, lakini mimi nimelipenda hivyo." Nilitamani ardhi inimeze. Leo nikikata kitambaa cha suruali nalikumbuka hilo neno, na ninammiss baba yule wa siku zile mpaka mkono unasimama.

Sababu ya mapenzi hayo aliisema mara moja tu, siku ya msiba wa mama. Alipokuwa mdogo, babu alimchukua wakashuka hadi Kirando, kando ya ziwa, wamebeba ulezi wa kubadilisha na samaki wakavu. Walilala huko usiku mmoja. Asubuhi alitoka nje akaona mchanga mweupe, mitumbwi imelazwa ubavu, akina mama wanaanika dagaa, na maji yasiyo na ng'ambo. Alilia walipomrudisha kupanda milima. Tangu hapo hakwenda tena, mara chuo, mara ndoa, mara sisi watoto, na kila likizo ilimezwa na shamba. Mimi hilo liliniudhi. Kirando haikuhama! Kila mwaka alisema mwakani, kila mwakani ukawa mwaka mwingine.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula sana na haitarudisha ilichokula. Kama kuna kitu mzee anataka kuona, akione mapema. Tulikuwa bado hatujatoka getini mwa hospitali nikamwambia, "Baba, Jumamosi tunakwenda Kirando."

"Nyasi je?" akaniuliza.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa swali hilo. Mvua zinapokaribia mwisho, sisi Wafipa tunafukia nyasi. Unazikusanya, unazifunika kwa udongo, yanakuwa matuta ya mviringo, intumba, zioze humo zilishe shamba la mwaka unaofuata. Mwenye nyasi zilizosimama anasemwa kijiji kizima. Nikamwambia nitaweka vibarua. Akasema intumba za vibarua ni makaburi ya nyasi, si mbolea. Tuligombana vibaya hadi nyumbani, nikapiga na meza, lakini wapi. Alirudi Chala akashika jembe mwenyewe, na alifukia mpaka kona ya mwisho wakati mimi nahesabu mawingu mjini na kununa.

Kwa hiyo tulikwenda mvua zilipokatika. Jirani yangu Nsajigwa, mfanyabiashara wa kutoka Mbeya, alitupeleka kwa gari lake, tukampitia baba Chala. Baba alikaa mbele amevaa koti la sherehe. Njia nzima alikuwa na furaha. Wachuuzi wa stendi walipotuzunguka alisema, "Chala hii, haibadiliki." Gari lilipoanza kushuka na masikio kuziba, alisema, "Tazameni mabonde hayo." Nikatazama, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba tumewahi.

Nsajigwa aliegesha juu kidogo ya makazi. Nikamshika baba mkono, tukateremka kwa miguu hadi harufu ya dagaa ilipotupokea. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa kwenye nyavu, juu kabisa, karibu na njia.

"Shikamoo mzee. Poleni na safari. Mimi naitwa Hellena."

"Marahaba, mwanangu," baba akajibu, akainua uso kuelekea ziwani. Upepo ulimpiga kofia ikataka kutoka. Akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu. "Utazame mchanga huo, Coleta. Mweupe vile vile. Na mitumbwi bado wanailaza ubavu."

Nikatazama. Hapakuwa na mchanga. Ziwa lilikuwa limepanda miaka hii ya karibuni na kuufunika wote. Chanja za zamani za dagaa zilionyesha ncha tu juu ya maji, miti ilisimama majini hadi kiunoni, na mitumbwi ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa nyumba isiyo na paa.

Hellena alifungua kinywa. "Mchanga gani, mzee..." Nikamkazia macho, akainamia dagaa zake.

"Twende tukaukanyage," baba akasema, akanyanyua mguu.

Ningeweza kumdanganya kwa maneno, lakini si kwa miguu. Nikamvuta mkono. "Baba, mchanga haupo. Maji yameuchukua."

Akasimama. Uso wake ulibaki umeelekea ziwani, ila tabasamu lilishuka.

"Tangu lini huoni?" nikamuuliza.

"Kona ya mwisho ya shamba niliifukia kwa kupapasa."

Hasira ilinipanda. "Na hukusema! Umenitoa Sumbawanga, umemsumbua Nsajigwa wa watu!"

"Ningesema, ungenileta?"

Kweli nisingemleta. Ningemwambia apumzike, kuna faida gani tena. Nikaanza kulia, kilio kibaya cha kupenga kamasi, na Hellena akaniletea kigoda kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Baba aliniacha nilie. Kisha akasema kwa ile sauti ya darasani, "Haya. Niambie unaona nini."

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji mengi."

"Mtoto wa mwalimu huyo! Anza upya. Anza na kilicho karibu na mguu wako."

Nikafuta uso. Nikamwambia kuna magamba ya samaki yamekauka, yanang'aa juu ya udongo mwekundu. Nikamwambia maji yanafika, yanalamba jiwe, yanarudi, na jiwe linabaki jeusi kwa muda kabla halijakauka. Nikamwambia kuna mtoto ndani ya karai, analisukuma katikati ya nyumba isiyo na paa, anaingia mlangoni anatokea dirishani. Hapo akacheka. Nikamwambia nyuma ya nyumba maji ni ya kijani, mbele zaidi yanakuwa ya bluu, na mbali kabisa rangi zinakwisha, hujui tena ziwa limeishia wapi na mbingu imeanzia wapi.

"Ngoja," akasema. Akanibana mkono kwa nguvu. "Usiendelee. Hapo nimeona."

Nikamwacha aone.