Karakana Nzuri Mno

Basi Rowena Tillotson alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya trela ya watu, pua karibu iguse sakafu, ananusa. Ndiyo, ananusa. Mwezi wa kwanza, kule jangwani Quartzsite, wakati nusu ya wazee wa Marekani wameshafika na nyumba zao za magurudumu kukimbia theluji, hakuna mwenye akili anayenunua trela bila kuinusa. Mbao zikioza unaweza kuzipaka rangi, lakini harufu itakuumbua tu. Alikuwa ameshamaliza kona tatu. Zote zilinuka mbao kavu, na hilo ndilo lililokuwa linamkera.

"Umepata nini?" akauliza Clell, mumewe, ambaye tangu waingie alikuwa amejimwaga kwenye sofa na hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Sijapata kitu."

"Si ndio vizuri?"

"Trela ina miaka kumi na moja, Clell. Lazima kiwepo kitu."

Na alikuwa na haki ya kuhangaika, jamani. Rowena anashona na kukarabati matandiko ya farasi, na mwezi wa kumi na moja wao wawili walirudisha funguo za nyumba waliyopanga Elko, wakapania kuishi barabarani moja kwa moja, ranchi hadi ranchi, yeye na kazi yake humo humo. Ranchi tisa zilikuwa zinamsubiri kuanzia mwezi wa tatu. Mpaka sasa walikuwa wanalala nyuma ya pikapu chini ya turubai, miguu imekunjwa kwa sababu ya cherehani yake ya chuma, ile ya kupenya ngozi nene, nzito kama wanaume wawili walioshiba. Akiba yao ilitosha kununua trela moja. Akikosea, nyumba imeondoka na kazi imeondoka, siku hiyo hiyo.

Walishabishana weee. Clell alitaka ile nyumba-basi yenye injini yake, Rowena akakataa katakata, kwa sababu siku injini ikifa mnapeleka nyumba gereji na nyinyi mnalala juu ya jeki. Jirani yao kambini akawashauri wanunue gari la mizigo liwe karakana na katrela kadogo ka kulala. Nani sasa atakuwa anaendesha gari la pili, na Clell anasinzia hata akiwa abiria? Mwisho wakakubaliana: trela moja ndefu, kulala mbele, jiko na sofa katikati, karakana nyuma. Wakaanza kuzunguka. Ya kwanza ilivuja. Ya pili panya walishajimilikisha. Ya sita ndiyo hii ya mzee Verlin Stoudt, mtengeneza visu, na hii haikuwa na kasoro hata ya dawa.

Ukuta wa nyuma mzima ulishuka ukawa daraja la kupandishia vitu. Ndani kulikuwa na benchi la mwaloni, jiliwa kubwa la kubania vyuma limekazwa pembeni, madirisha mawili, mwanga unamwagika kama maziwa. Rowena alipoona ule mwanga moyo uliruka. Pale pale akaiona cherehani yake imekaa karibu na mlango, na yeye anashona huku anaangalia milima. Halafu akajishtukia. Mtu anaachiaje kitu kama hiki?

Akamuuliza. Verlin akasema anahamia Idaho kwa binti yake. Rowena akaguna. Wauzaji wote wa Quartzsite wana binti Idaho.

Siku ya pili akarudi na tochi, akaingia uvunguni, akatoka na mchanga kichwani na hakuna alichopata. Verlin akamletea kahawa na kitambaa cha kujifutia. Hata huo ukarimu aliutilia shaka. Siku ya tatu alikaa tu kwenye lile benchi, mikono imetulia, anaangalia huku na huku, na hapo ndipo kikamjia.

Kuta zilikuwa safi.

Yaani, miaka sita mzee anasema amefanya kazi mle ndani, anakereza vyuma, anasaga visu, na ukutani hakuna hata alama ya cheche? Karakana yake mwenyewe ya Elko ilikuwa na makovu mpaka darini. Akapitisha kucha kwenye mianya ya benchi. Hakuna vumbi la chuma, hakuna hata punje. Boliti za jiliwa zinang'aa. Akamwita Clell pembeni akamnong'oneza kwamba huyu mzee hajawahi kufanya kazi hapa, kwamba labda hata trela si yake.

"Mke wangu," Clell akasema, "ikiwa chafu, kosa. Ikiwa safi, kosa. Wewe ulinikubalije mimi?"

"Sikukukagua. Ndiyo maana siku hizi nakagua."

Wakaingia jikoni, Verlin akamimina kahawa. Chini kulikuwa na zulia jipya la bluu. Rowena alikuwa hajalifunua, kwa sababu kila akilikaribia mzee alikuwa amesimama juu yake, anaonyesha kabati, anaonyesha taa. Safari hii Rowena akakiachia kikombe. Kwa makusudi kabisa, na wala hakujitahidi kuigiza.

Verlin akasema haraka haraka waache tu, atasafisha baadaye. Haraka mno. Lakini Clell, kwa aibu ya mkewe, alikuwa ameshainama akalivuta zulia, na chini yake kukatokea vizibo vinne vya mbao, kila kimoja mduara kama sarafu, vimesuguliwa vizuri, vimekaa kwenye pembe nne kama miguu ya meza. Kuvizunguka, sakafu ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mashine na imejaa vialama vya cheche.

Rowena akachuchumaa, akagonga kizibo kimoja kwa ukucha.

"Hapa palikuwa na nini, mzee Verlin?"

Mzee akakaa. Akasema ni mashine yake ya kukerezea. Karakana ilikuwa pale, jikoni, miaka yote sita. Kule nyuma walikuwa wanalala yeye na mkewe, Mungu amrehemu. Mwezi wa kumi na mbili wakaja wanunuzi watatu, mmoja baada ya mwingine, wakafungua mlango, wakaona grisi pembeni ya sinki, wakageuza bila hata kunywa kahawa. Kwa hiyo akauza ile mashine, akahamishia benchi nyuma, akabandika kuta mpya, akaleta sofa.

"Watu wanataka karakana yenye mlango mkubwa," akasema. "Inavutia kwenye picha."

Clell akacheka kwa kufarijika. Kumbe ni hilo tu! Akamgeukia mkewe, lakini Rowena hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia vile vizibo, kisha chini kwa chini akapiga hesabu ya magurudumu yalipo. Yalikuwa hapo hapo, chini ya jiko. Ametoka kwa watu wa farasi huyu, amekokota trela za farasi tangu ana miaka kumi na sita, na hata mtoto wa ranchi anajua farasi mzito hapandishwi nyuma. Ukimweka nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na ukishika mwendo mkia unaanza kuchapa kushoto kulia mpaka unawatupa wote mtaroni. Na yeye, kwa sababu ya madirisha mawili, siku tatu nzima alikuwa ameipanga cherehani yake mwisho kabisa, mlangoni.

"Umeikokota trela tangu uhamishe benchi?" akauliza.

Verlin akaangalia kikombe chake. "Kutoka pale," akaonyesha eneo la ng'ambo ya njia, "mpaka hapa."

"Na ungetuacha tuondoke nayo."

"Ningewaambia muende taratibu."

Rowena akatoka nje. Alitembea mpaka kwenye pikapu, akaweka mkono juu ya cherehani iliyofunikwa turubai. Alikuwa na hasira na mzee, na zaidi na nafsi yake. Lakini sasa alijua trela ilikuwa inaficha nini, na kilichofichwa kilikuwa sakafu iliyobeba chuma miaka sita bila kulegea. Hakuna kona aliyonusa iliyomwambia zaidi ya hapo.

Akarudi. Akasema anainunua, ila sofa inashuka, meza ya jikoni inashuka, na Verlin mwenyewe atazibua vile vizibo leo hii, mbele yake, cherehani ikazwe hapo hapo.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza Clell.

"Kitandani. Kitakuwa kule nyuma, utaangalia milima."

Iliwachukua siku mbili. Walipoingia barabara ya kwenda kaskazini, Rowena ndiye aliyeshika usukani, macho kwenye kioo cha pembeni, anausubiri mkia uanze. Haukuanza. Kabla ya kufika mji wa Parker alisimamisha gari mara tatu, akafungua mlango wa jikoni na kujaribu kuisukuma cherehani kwa bega. Mara ya nne ni Clell aliyeomba wasimame, apike mayai, na aliyapika amesimama upande upande, kiwiko kimeegemea gurudumu la cherehani, wakati Rowena yuko nje tena, uvunguni, na tochi.