Wifi Kutoka Dimbwini

Mvua ilipopumzika, Kulow alikuwa akikaza kamba za nyumba yake ya mikeka, nje kidogo ya Garissa. Mkewe Saynab alikuwa akikamua mbuzi. Mbu mmoja akatua kwenye mdomo wa kibuyu cha maziwa, akatoa salamu.

Walimjibu.

“Wa nani wewe?” Kulow akauliza, kama anavyoulizwa mgeni yeyote.

Mbu akamtaja mama yake, na mama wa mama yake, akapanda hivyo bila kukwama mpaka kwa yule aliyemnywa Yarrow mwaka wa mafuriko. Yarrow alikuwa baba yake Kulow. Alikufa mwaka huo huo, damu ikimtoka puani na kwenye ufizi.

“Hesabu ni sawa,” Kulow alisema. “Damu yetu imo kwako.”

“Mbona mnahesabu kwa akina mama?” Saynab akauliza.

“Baba zetu hawaumi mtu.”

Saynab alicheka. Kisha akamtazama vizuri. “Wewe una ugonjwa ule wa mafuriko. Umeshamuuma nani?”

“Bado. Nilizaliwa nao. Mama aliniwekea kwenye yai, kama alivyowekewa na mama yake. Ukame wote tulilala nao kwenye udongo wa dimbwi, tukingoja maji. Sasa nina kiu.”

Kulow aliwatazama kondoo wake. Karibu wote walikuwa na mimba. Wakati wa ukame alikwenda ofisi ya mifugo kuomba chanjo, akaambiwa hakuna ugonjwa. Lakini mtu akitaja ukoo wake ukakutana na wako, humfukuzi kwa moshi. Akauondoa moto mlangoni.

“Wifi gani huyu, haji hata na sukari?” Saynab alisema, akamnyooshea mkono anywe.

Dada za mbu walifuata, kila mmoja na salamu yake. Kondoo wakatupa mimba, wakafa. Kulow akarudi ofisini.

“Mzee, ugonjwa umeshaingia,” alisema Abdimalik, ofisa wa mifugo. “Sasa hatuchanji.”

“Nilipokuja mlisema haujaingia.”

“Wakati ule ulikuwa haujaingia.”

Soko la mifugo likafungwa. Saynab alikufa kama Yarrow. Mbu walikuja matangani, wakakaa pembeni mwa mkeka, wala hawakumnywa mtu siku hiyo. Baadaye wakaenda kutaga dimbwini.

Jua lilipokausha dimbwi, Kulow alikwenda tena ofisini.

“Hakuna ugonjwa, mzee,” Abdimalik alisema. “Tuchanje nini?”

Akirudi nyumbani alipita dimbwini. Ndani ya nyufa mayai yalikuwa yakikariri ukoo kwa sauti ndogo, kama watoto wa madrasa. Yalifika kwa yule aliyemnywa Saynab, yakakwama: Saynab wa nani? Kulow akachuchumaa, akayatajia baba yake Saynab, na babu yake, na baba wa babu yake. Akarudia mpaka yakashika. Kisha akainuka kwenda kuwanywesha mbuzi waliobaki.