Ngoma Kwenye Lori la Janeti

Janeti Nijimbere alikuwa na lori la tani nne, na radio yake ilikuwa ileile lililotoka nayo kiwandani. Haikuwa mbovu. Ilishika stesheni, ilisoma flashi, na vitaa vyake vya kijani vilimpendeza. Ila spika zake mbili za mlangoni zilikuwa ndogo kama visosi. Ukikanyaga mafuta kwenye vumbi la njia ya Ulyankulu kwenda Tabora mjini, kinachobaki kusikika ni mchakacho tu, kama mtu anapepeta karanga chumba cha pili.

Yeye mwenyewe angevumilia. Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee Sindayigaya alikuwa mpiga ngoma. Tangu alipofika kutoka Burundi akiwa kijana, hakuna sikukuu ya parokia iliyopita bila yeye kusimama katikati, kwenye ile ngoma inayoongoza nyingine zote, ambayo kwao huitwa inkiranya. Mwaka juzi bega la kulia likagoma. Akawa anakwenda kwenye sherehe kutazama tu, kisha hata kutazama akaacha. Janeti akaanza kumpakia kwenye safari za kupeleka karanga na asali mjini, angalau abadilishe hewa. Siku moja akamwekea ngoma za jubilei ya parokia, zilizorekodiwa bega likiwa zima, mzee mwenyewe akiongoza. Baba yake alisikiliza hadi nusu, akageukia dirishani.

"Hizi si ngoma," alisema. "Hizi ni ndoo. Tumbo lake liko wapi?"

Neno hilo lilimkaa Janeti rohoni msimu mzima. Mavuno yalipokwisha, akanunua spika na amplifaya, akamchukua baba yake, wakaenda Gongoni, mjini Tabora, kwa fundi Lugembe, mtu wa Igunga aliyesifika kwa kufunga muziki kwenye magari.

"Shikamoo, mzee," Lugembe alisalimia akifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, dashibodi yangu isikatwe," Janeti aliharakisha kusema. "Na radio hii siitoi."

"Hatukati kitu, dada. Radio inabaki palepale, ndiyo kichwa. Sisi tunaipa kifua na tumbo." Akainua amplifaya, bapa na nzito kama tofali. "Radio inanong'ona, huyu anapaza."

Akafanya kazi tangu asubuhi. Kwa kuwa umeme wa lori ni mara mbili ya ule unaotakiwa na amplifaya, alianza kwa kufunga kipunguza umeme. "Bila hiki," alisema, "tutachemshia chai humu." Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi. Akaunga nyaya nyembamba kwenye zile za spika za zamani, ili sauti ya radio ipite kwenda kwenye amplifaya. Milangoni akaweka spika mpya, na nyuma ya viti akalisimamisha boksi lenye spika mbili kubwa, kila moja na upana wa sahani ya pilau. Mzee alikaa kwenye benchi akimenya karanga za kuchemsha.

Baada ya saa tano za kazi, Lugembe akawasha zile ngoma za jubilei. Sauti ikajaa uwanja mzima. Kinyozi wa jirani akatoka na mashine mkononi kuchungulia. Janeti akacheka kwa furaha, akamtazama baba yake.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa.

"Imekuwa ndoo kubwa," alisema.

Lugembe akazungusha vitufe, akaongeza besi hadi mwisho. Kelele ilizidi, uzito haukuja. Akapunguza, akamsogelea Janeti na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, wazee wetu hawa, umri ukienda, na masikio nayo..."

Janeti alihisi uso ukimwaka moto. Hakutaka kumvunjia fundi heshima mbele ya wateja wake, lakini maneno yakamtoka. "Kaka Lugembe, baba yangu kilichogoma ni bega. Masikio hayajagoma."

Mzee akainuka, akapanda ndani ya lori, akaweka viganja viwili kwenye zile spika kubwa, kimoja huku na kimoja kule. Akafumba macho.

"Hii inatoa pumzi wakati hii inavuta," alisema. "Hawa wawili hawapigi pamoja. Kinachotolewa na huyu kinamezwa na mwenzake."

Lugembe alitaka kucheka, akajizuia. Akafungua boksi, akatafuta betri ya tochi, akaigusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza. Ngozi yake ikaruka kuja mbele. Akaigusisha vilevile kwenye ya pili. Ikaingia ndani.

Fundi akaiweka betri chini. Kisha akainamisha spika ile ya pili, akaonesha alama nyekundu iliyopakwa penye waya. "Kiwandani waliipaka upande usio wake. Nimefuata rangi." Akamtazama mzee. "Miaka kumi na tano nafunga muziki, sijawahi kuona mtu anapima spika kwa viganja."

"Mimi nimepima ngoma arobaini," mzee alijibu.

Nyaya zikageuzwa. Mara hii Lugembe alipowasha hakukuwa na haja ya kuuliza. Kiti kilitetemeka, na kitu kizito, cha duara, kikapita vifuani mwao na kutokea mgongoni. Mzee akaufunga mlango. Janeti alimwona kupitia kioo, mkono wa kushoto ukipiga goti, na bega bovu likinyanyuka kidogo kila mdundo mkubwa ulipokaribia. Alimwacha peke yake. Alikwenda kununua chai, akarudi, akamkuta anarudia sehemu moja tu, tena na tena.

Mzee akashusha kioo. "Janeti! Njoo usikie. Hapa, sasa! Eliasi, mwenzangu wa ngoma, kakosea! Kachelewa kabisa, na siku ile aliapa mbele ya padri kwamba ni mimi niliyekosea!"

Alicheka hadi akashika mbavu. Janeti hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona hivyo.

Waliingia Ulyankulu jua likiwa bado juu ya mashamba. Mzee hakukubali kwenda nyumbani kwanza. Lori likasimama uani kwa Eliasi, milango ikafunguliwa, na mpiga ngoma yule mwenzake akalazimishwa kusikiliza kosa lake la miaka sita iliyopita. Alikana. Akarudishiwa. Akakana tena, kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu akajipiga kofi pajani.

"Haya, nimekubali. Lakini kama masikio yako ni hayo, Sindayigaya, njoo Jumapili kwenye mazoezi. Kuna mmoja anatuharibia, wiki ya tatu sasa, hatujui ni nani."

"Nitakuja na kiti changu," alisema mzee.

Mke wa Eliasi akaleta ugali na maharage. Wakala pale pale kando ya lori, wakibishana juu ya nani alikuwa akipiga wapi, huku Janeti akiwarudishia wimbo kila walipoomba.